Kulipia tiba ya mazungumzo Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Nina kadi ya bima, basi sitalipa."

Mipango mingi ina kizingiti cha mwaka: pesa unazotoa mfukoni kabla bima haijaanza kuchangia. Kizingiti kikiwa dola 2,000 na bei ya mkataba (ile ambayo bima imekubaliana na mtaalamu) dola 120 kwa kikao, vikao 16 vya mwanzo ni juu yako, kama hujatumia matibabu mengine. Ipo pia mipango inayoondoa kizingiti kwenye tiba ya mazungumzo na kudai mchango mdogo tu kila kikao. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, uulize kama kizingiti kinahusu vikao vya afya ya akili na kimebaki kiasi gani. Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya marejeo ya simu hiyo.

Orodha ya watoa huduma iliyo kwenye tovuti ya bima usiiamini peke yake, kwani waliojitoa zamani bado wamo. Mtaalamu naye muulize kama anapokea *mpango wako*, maana kampuni moja huwa na mipango mingi.

"Mtaalamu akiwa nje ya mtandao, bima hailipi hata senti."

Nje ya mtandao maana yake hana mkataba na bima yako. Inategemea aina ya mpango. HMO na EPO, mipango inayokutaka ubaki kwa wataalamu wenye mkataba nayo, kwa kawaida hazilipi. PPO nyingi, mipango inayokuruhusu kwenda hata nje ya mtandao, hulipa sehemu. Wengi hupotea kwenye hesabu. Tuseme mtaalamu anatoza dola 180, bima inatambua 120 tu, nayo hurudisha asilimia 60. Asilimia hiyo ni ya 120, siyo ya 180: utarudishiwa 72 na kubaki na mzigo wa 108. Kizingiti nacho huhesabiwa hivyo hivyo. Kikiwa 1,200, utakimaliza baada ya vikao 10, ilhali mfukoni zimeshatoka 1,800. Kwa hiyo swali la kuuliza bima, ukitaja msimbo (namba inayoonyesha aina ya kikao), ni "mnatambua dola ngapi kwa msimbo 90834 na kwa 90837?" Ukiuliza asilimia peke yake, jibu halitakusaidia.

Misimbo hiyo hufuata dakika: 90834 ni dakika 38 hadi 52, 90837 ni kuanzia 53. Kikao cha dakika 50 ni 90834, hata kama watu hukiita cha saa nzima.

Ili urudishiwe, omba risiti ya kina, ile wanayoiita superbili. Iwe na jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, tarehe ya kila kikao, msimbo wa huduma, msimbo wa utambuzi wa ugonjwa, bei uliyolipa, na leseni, namba ya NPI (ya kumtambulisha mtoa huduma kitaifa) na namba ya kodi ya mtaalamu. Risiti ya kadi ya benki haitoshi, na msimbo wa utambuzi ukikosekana dai hurudi. Matatizo ya ndoa peke yake, msimbo Z63.0, mara nyingi hayalipwi.

"Bima itasoma kila nilichosema."

Hupata utambuzi, tarehe na aina ya huduma, na inaweza kudai mpango wa matibabu. Maelezo binafsi ambayo mtaalamu huyatunza mbali na faili yanalindwa na HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za afya. Bima haiwezi kuyafanya sharti la kulipa. Panapovuja zaidi ni nyumbani: taarifa ya malipo hutumwa kwa mwenye bima, hivyo kijana aliye kwenye bima ya baba anaweza kujulikana kwa bahasha tu. Kama hilo lingemhatarisha, aiombe bima kwa maandishi itumie anwani nyingine.

"Bila bima, bei ni ile ile waliyotaja."

Uliza kama wana bei kulingana na kipato. Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu vinalazimika kuwa nayo. Tangu Januari 2022, anayejilipia ana haki ya kupewa makadirio ya maandishi. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 tangu tarehe ya bili kuipinga. Pesa za HSA au FSA, akaunti za matibabu zisizotozwa kodi, zinaruhusiwa kulipia tiba ya ugonjwa wa akili. Ada ya kikao ulichokosa kwa kawaida ni yako mwenyewe, hata ukiwa na bima.

"Bima ikikataa, yamekwisha."

Kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na mara nyingi baada ya hapo unaweza kuomba mapitio ya nje, yaani ya watu wasio wa kampuni hiyo. Sheria ya usawa ya 2008 inakataza mipango inayohusika nayo kuibana afya ya akili kuliko matibabu mengine, kwa hiyo barua ya rufaa iulize: je, mnaweka kikomo hiki hiki kwa mgonjwa wa kisukari?