Kama unajua kusema "nimenyeshewa", Kijapani umeshakianza

Juzi darasani mwanafunzi wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akasema mwalimu, hii ame ni furareta nimesoma maelezo yake mara tatu na bado haijaniingia. Nikachukua kitabu chake nikaangalia, ukurasa mzima na kitu umejaa Kiingereza, wanaeleza kwamba Wajapani wana kauli ya kutendwa ya aina yake, mtu anatendwa na jambo ambalo wala halikumlenga yeye. Nikamuuliza, jana ulitoka hapa saa ngapi? Saa kumi na moja. Ikawaje? Akasema "mwalimu si nilinyeshewa mpaka nikafika nyumbani". Nikamwambia basi ndio hiyo hiyo, ame ni mvua, ile ni yao ya katikati ni kama "na" yetu ya "na mvua", furareta ni nilinyeshewa, funga kitabu.

Nafundisha Kijapani chuo kikuu mwaka wa tisa sasa, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, wanafunzi wetu wanaingia darasani na lugha ambayo imewabebea nusu ya sarufi ya Kijapani alafu tunawaambia waiache mlangoni, wakapitie Kiingereza kwanza ndio wafike Japani. Vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, slaidi Kiingereza, apu za simu Kiingereza, kwa iyo mtoto wa watu anahangaika na mambo ambayo bibi yake anayasema kila siku.

Tubaki hapo kwenye kunyeshewa maana ndipo penye utamu. Kijapani wanasema chichi ni shinareta. Chichi ni baba yangu, shinu ni kufa, ukiitafsiri neno kwa neno kupitia Kiingereza haieleweki kabisa, yaani "nilikufwa na baba"? Lakini sisi tunasema nimefiwa na baba, na hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa kwamba aliyekufa ni baba na aliyepatwa ni mimi. Dorobou ni hairareta, tumeingiliwa na wezi. Kodomo ni nakareta, mtu kaliliwa na mtoto usiku kucha hajalala. Kyaku ni korareta, tumejiwa na wageni wakati hatujajiandaa. Saifu o nusumareta, nimeibiwa pochi, na angalia vizuri hapo, anayeibiwa ni mimi na pochi imebaki palepale kama kitu kilichoibwa, Kijapani inafanya hivyo hivyo na ndio maana ile o, alama yao ya kitu kinachotendwa, haiondoki. Ashi o fumareta, nimekanyagwa mguu. Mimi ndiye nimekanyagwa, mguu ndio ulikokanyagiwa.

Tofauti iko kwenye namna ya kuunda. Sisi tunapitia ile kauli ya kutendea kwanza, kufa inakuwa fia ndio inakuwa fiwa, nyesha nyeshea nyeshewa, ingia ingilia ingiliwa. Kijapani hawana kituo cha katikati, wanabandika -rare- moja kwa moja.

Na hapo hapo ndipo kuna shimo, ambalo wanafunzi wangu wote wanaanguka wakishapata raha. Kiswahili -iwa inabeba baya na zuri. Nimefiwa, nimeibiwa, sawa, lakini pia nimepikiwa, nimenunuliwa nguo, nimeandikiwa barua. Sasa mwanafunzi anataka kusema rafiki yake alimpikia, anakwenda kwenye -rare- kwa ujasiri wote, na Mjapani anayemsikiliza anasikia malalamiko, kana kwamba huo upishi umemletea balaa. Kijapani ukitendewa jema unatumia njia nyingine, unasema tsukutte moratta, nilipokea kupikiwa. Au unamgeuza rafiki awe ndiye mtendaji, tsukutte kureta, alinipikia. Kwa iyo kanuni ninayowapa ni hii, kabla hujafungua mdomo jiulize, hiyo -iwa yako mtu angekwambia pole au angekwambia hongera? Pole, nenda -rare-. Hongera, nenda -te morau. Sijaiona kwenye kitabu chochote cha kozi na kwa mtu wetu inafanya kazi karibu kila mara.

Na ile kutendea yenyewe, nilimnunulia, nilimbebea, hiyo ni -te ageru. Ila tahadhari, kumwambia mkubwa wako kwa -te ageru kwamba utambebea mzigo inasikika kama unamfadhili, wakati kwa Kiswahili "nikubebee mzigo mwalimu?" ni adabu tupu. Sema omochi shimasu, uishie hapo.

Jambo hili mimi mwenyewe sikulivumbua. Nilipokuwa nasoma Japani nilikutana na dada mmoja aliyekuwa anasomea Kiswahili Osaka, maana Chuo Kikuu cha Osaka kina shahada ya kwanza ya Kiswahili, na tukawa tunabadilishana, nusu saa lugha yake nusu saa lugha yangu. Siku moja nikamfundisha neno amefiwa, akatulia kidogo akasema aa, shinareta. Kimya kimya tu. Mimi nilikuwa nimeshatumia semista nzima nikipambana na ile sarufi, yeye akavuka kutoka upande wa pili bila ata kupunguza mwendo. Nilirudi chumbani usiku ule nikaanza daftari upya kutoka ukurasa wa kwanza, Kiswahili kushoto Kijapani kulia.

Daftari lile ndilo lilinionyesha habari ya -te iru. Wanafunzi wanaambiwa -te iru ni kitendo kinachoendelea, tabete iru anakula, hashitte iru anakimbia, alafu wiki inayofuata wanakutana na kekkon shite iru wanatafsiri "anaoa", kama vile harusi inaendelea muda huu. Hapana, ni ameoa. Suwatte iru amekaa, tatte iru amesimama, futotte iru amenenepa, shinde iru amekufa. Ukiwa na picha mbele yako na Kiswahili chako kinasema ame-, basi kitendo kimeshapita na hali ndio imebaki, na Kijapani wanaiweka hali hiyo kwenye -te iru. Sisi tuna -na- na -me-, wao wana kiambishi kimoja kinachofanya kazi zote mbili kutegemea kitenzi, basi. Na ukikataa, mada tabete inai ni bado sijala. Yaani ile -ja- yetu kabisa, bado iko palepale mwanzoni kama mada yao, na nimeshakula ni mou tabeta. Aliyepitia Kiingereza anasema mada tabemasen deshita, yaani bado sikula, kwa miaka miwili.

Vitenzi viwili viwili navyo, aku na akeru, kowareru na kowasu, ambavyo vinatisha watu kwa sababu vinakuja kwa makumi na kila jozi ina sura yake. Kwetu ni funguka na fungua, haribika na haribu, okiru amka na okosu amsha, waku chemka na wakasu chemsha, ochiru anguka na otosu angusha, tsuku waka na tsukeru washa, nokoru baki na nokosu bakiza, kaeru rudi na kaesu rudisha. Jozi utazikariri, hakuna ujanja, ila tofauti ya maana ndani ya jozi unayo tangu hujaota meno ya mbele. Kitu kimoja tu, ukivunja glasi kwa watu usiseme koppu ga waremashita, ingawa sisi tunasema "samahani glasi imevunjika" na hakuna anayekasirika. Kule useme watte shimaimashita, nimeivunja. Wao -ka ya namna hiyo wanaisikia kama mtu anayemtupia lawama glasi.

Sauti nitapita haraka kwa sababu tumebarikiwa. Irabu tano, zile zile a e i o u, silabi karibu zote zinaishia na irabu, na wote tukipokea neno la kigeni tunalivalisha irabu, hoteli na hoteru, basi na basu. Ata ile n yao inayosimama peke yake kama pigo zima, ho-n, se-n, sisi tunayo kwenye n-ne na n-chi na m-tu, na Wazungu wanaisotea mwaka mzima. Kinachotuangusha ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na tukikaza tunavuta, kwa iyo obasan, shangazi, mwanafunzi anaivuta ile ba inakuwa obaasan, bibi, na shangazi wa watu kazeeshwa mara moja. Biru ni jengo, biiru ni bia. Kite ni njoo, kitte ni stempu. Dawa ninayotumia ni kuwarudisha kwenye kata na kataa, kufa na kufaa, wewe mwenyewe hujawahi kuchanganya hizo, sasa sikiliza Kijapani kwa sikio hilo hilo ila ondoa ule mkazo, piga makofi, pigo moja kwa kila herufi ya kana, zile herufi zao za silabi.

Kanji, zile herufi zilizotoka China. Hapa kila mtu ananiuliza ngapi, basi orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136, na mtoto wa shule ya msingi Japani anamaliza na 1,026 kwa miaka sita, kwa iyo usijilaumu ukiwa na 300 mwaka wa kwanza. Lakini acha kuzikariri kama picha. Chukua kitabu, katibu, maktaba. Umeona k, t, b zinavyotembea? Ni mzizi mmoja wa Kiarabu wa kuandika, sisi tumepokea maneno yote matatu na mzizi ukabaki ndani yake. Sasa chukua 書, kuandika. Shoki 書記 ni katibu. Toshokan 図書館 ni maktaba. Jisho 辞書 ni kamusi, na kyoukasho 教科書 ni kitabu cha kiada. Wajapani walichota China kama sisi tulivyochota Uarabuni, na ndio maana kanji moja ina usomaji wa kienyeji na usomaji wa kuja, kaku na sho, kama sisi tulivyo na kuandika upande mmoja na katibu upande mwingine. Nikiandika hiyo ubaoni darasa linanyamaza, na mimi naipenda ile kimya kuliko makofi.

Salamu sina haja ya kuzieleza sana, otsukaresama ni pole na kazi, ojama shimasu ni hodi ya mtu ambaye mlango umeshafunguliwa, na mtu aliyelelewa na shikamoo hashangai kuambiwa kuna kitenzi cha mkubwa na kitenzi cha mdogo.

Ila kuna mahali Kiswahili kinakuacha peke yako kabisa na lazima niseme ukweli. Kitabu nilichokinunua jana, kwa Kijapani ni kinou katta hon, jana nilinunua kitabu, maelezo yote yanatangulia na nomino inakuja mwisho, hakuna -cho- wala amba- ya kukushika mkono. Sentensi ikiwa ndefu msikilizaji anabeba maneno kumi hajui ni ya nani. Hapo ngeli haikusaidii, kinachosaidia ni kusoma kwa sauti, kila siku, dakika kumi na tano, kuanzia kitenzi cha mwisho ukirudi nyuma, kwa mwezi wa kwanza, alafu unaanza kwenda mbele.

Na kuhusu JLPT, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kijapani, kwa wale wanaouliza kama wajisajili. Jisajilini, ngazi ni tano kuanzia N5 ya chini mpaka N1 ya juu, waajiri na vyuo wanaiangalia, N1 unahitaji 100 kati ya 180 na usianguke kwenye kipengele hata kimoja. Lakini ule mtihani ni wa kuchagua majibu tu, hakuna kuzungumza wala kuandika insha, nimeona mtu ana N2 na hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja. Kwa iyo kwangu ukipita N4 nakupa kazi nyingine, unaniletea vitenzi thelathini vya Kiswahili vyenye -iwa ulivyovisikia nyumbani, kwenye daladala, msibani, sokoni, na mbele ya kila kimoja unaandika pole au hongera, alafu ndio unaandika Kijapani. Yule wa juzi ameniletea arobaini na sita. Cha kwanza kabisa ni nimekaliwa, akaniandikia pembeni, mwalimu kwenye daladala abiria amenikalia mkono, je ni suwarareta? Nimemjibu ndio, na te ni, kwenye mkono, usiiache.