Magadi: mji wa kiwanda na yanayosemwa juu yake

Mtu akirudi Nairobi kutoka Magadi, mji wa Kenya ulio kando ya Ziwa Magadi, safari ya kilomita kama 110 ya kuteremkia Bonde la Ufa na joto lake, huja na picha za maji mekundu na hadithi mbili tatu. Picha ni za kweli. Hadithi ndizo za kupepeta.

"Ule weupe wote wa ziwani ni chumvi."
Ni trona, yaani magadi yale yale yanayotiwa kwenye maharagwe ili yaive upesi, na ambayo wazee huchanganya na ugoro. Chemchemi za moto pembezoni huleta maji yenye sodiamu nyingi, jua linayakausha, tabaka linabaki. Kuna sehemu tabaka hilo lina unene wa makumi ya mita. Mashine kubwa inayoelea hulikata, vipande husukumwa ndani ya bomba pamoja na maji ya ziwa hadi kiwandani, na huko huchomwa kuwa magadi soda ya kutengenezea vioo na sabuni. Chumvi ya mezani nayo imetengenezwa hapo hapo kwa miaka mingi, kwa hiyo anayechanganya mambo ana kisingizio.

"Mji ulijengwa na Wahindi wa Tata."
Tata, kampuni ya India, waliukuta mji umeshazeeka. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911, na reli kutoka Konza ilifika ziwani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Brunner Mond ya Uingereza ikaichukua 1924, miaka miwili baadaye ikawa chini ya ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza. Tata walikuja katikati ya miaka ya 2000, na jina Tata Chemicals Magadi ni la 2011. Nyumba, hospitali, hata uwanja wa gofu usio na nyasi, vyote vina alama ya mwajiri mmoja anayebadilisha jina langoni.

"Rangi ile nyekundu inatokana na heroe (flamingo)."
Hapana, ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyopenda maji yenye chumvi kali. Maji yakikauka na kukolea, navyo huzidi, na ziwa huwa jekundu hata siku ambayo hakuna ndege hata mmoja. Heroe nao hupata wekundu wao kutokana na chakula, basi ukipenda sema ziwa ndilo linalompaka ndege rangi.

Ila heroe wana kisa chao Magadi. Kwa kawaida huzalia Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka, lakini mwaka 1962 Natron lilifurika wakahamia huku. Vifaranga walipoanza kutembea, magadi yaliganda miguuni mwao yakawa kama pingu, wasiweze kwenda. Watu waliingia kwenye tope lile la moto, wakawa wanapasua pingu hizo moja moja. Maelfu ya vifaranga waliokolewa.

"Hakuna kinachoweza kuishi mle."
Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inamnyima sifa mwenyeji wa ajabu kuliko wote. Inama kando ya chemchemi iliyopoa kidogo, utaona visamaki vya urefu wa kidole vikikwangua mwani kwenye mawe. Ni ndugu wa perege. Wataalamu humwita *Alcolapia grahami*. Maji yake hufika nyuzi 40 na zaidi, na ukali wake wa alkali ungemuua perege wa kawaida. Samaki wengi hutoa taka za mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji ya namna hii amonia haitoki vizuri. Huyu anaibadilisha kuwa yurea, kama tufanyavyo wewe na mimi.

"Ziwa Magadi ni moja."
Yapo zaidi ya moja. Mojawapo liko ndani ya kreta ya Ngorongoro, Tanzania, na kule hakuna kiwanda.

"Wakazi husafisha maji ya ziwa wakanywa."
Yangewachubua. Maji ya mji hutoka mto Oloibortoto, kwenye miteremko ya Nguruman upande wa magharibi, yakiletwa kwa bomba refu kuvuka nchi kame.

"Magadi ya mawe hayana madhara jikoni, ni ya asili."
Yana floraidi, mara nyingine nyingi sana. Mtoto anayekula chakula cha magadi kila siku wakati meno yanaota anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.