Je, wajua kwa nini uvimbe wa ubongo hung'aa kwenye picha ya MRI?

Anayepimwa MRI ya kichwa (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) kwa kushukiwa uvimbe mara nyingi hupigwa picha kwa awamu mbili. Anavua hereni, saa na mkanda, analala, anavumilia ule mlio wa kugongagonga wa mashine. Baadaye anachomwa dawa kwenye mshipa wa mkono, kisha mashine inaanza kugonga tena. Ukiziweka picha za awali na za baadaye sambamba, utadhani ni za watu wawili. Palipokuwa na kiwaa cha kijivu sasa pana pete nyeupe pee yenye kiini cheusi.

Dawa hiyo, kontrasti, ina gadolini, metali yenye usumaku mkali. Ikiachwa peke yake ni sumu, hivyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine hadi itoke kwa mkojo. Ajabu ni kwamba mashine haiioni gadolini yenyewe. MRI husikiliza hidrojeni iliyo kwenye maji ya mwili: sumaku huipanga, mawimbi ya redio huivuruga, nayo hutoa ishara inapokuwa ikirudi mahali pake. Gadolini ikiwa jirani, hidrojeni hurudi upesi zaidi, na upesi huo ndio unaochorwa kwa weupe.

Lakini dawa imezunguka na damu mwili mzima. Mbona ubongo wote haukung'aa?

Mwanzo wa jibu ni mwaka 1885, Ujerumani, pale mtafiti Paul Ehrlich alipowadunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo karibu vyote vilichovywa rangi, ubongo ukabaki ulivyokuwa. Yeye alidhani ubongo haushiki rangi hiyo, basi. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akageuza jaribio: rangi akaitia kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ndio uliochovywa, na mwili wote ukasalimika. Kumbe rangi inashika, ila kati ya damu na ubongo pana mlango uliofungwa.

Leo tunajua mlango huo ni kuta za mishipa midogo ya damu. Kwingine mwilini seli za kuta hizo huacha upenyo. Kwenye ubongo zimeshonana kama mkeka uliosukwa na fundi. Oksijeni hupita, sukari hupitishwa kwa njia yake maalumu, gadolini hurudishwa.

Uvimbe mkali, kama ile saratani ya ubongo iitwayo glioblastoma, una njaa ya damu. Huchochea mishipa mipya iote harakaharaka, na kazi ya haraka unaijua: mshono mbovu, kuta zinavuja. Gadolini hupenya hapo na kujikusanya. Kile kiini cheusi cha pete aghalabu ni sehemu iliyokwisha kufa kwa kukosa damu.

Kwa hiyo weupe ule si uvimbe wenyewe. Ni mahali ukuta unapovuja, na tofauti hii huwasumbua madaktari kila siku. Baadhi ya vivimbe vinavyokua polepole havivujishi, hivyo having'ai. Hata glioblastoma yenyewe hutuma seli zake mbali nje ya pete, kwenye ubongo unaoonekana mzima, na ndiyo sababu kuikata pete yote hakumponyi mgonjwa. Upande wa pili, mionzi na dawa za saratani nazo huweza kuzitoboa kuta. Miezi michache baada ya matibabu weupe unaweza kuongezeka, familia ikaingiwa na hofu, kumbe uvimbe haujakua. Hapo hupimwa mtiririko wa damu au kemikali za eneo hilo, au watu husubiri picha nyingine. Nadhani kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote.

Upasuaji nao umepata taa yake ya kuuonyesha uvimbe. Saa chache kabla ya kulazwa mezani mgonjwa hunywa dawa iitwayo 5-ALA. Seli za uvimbe huibadili kuwa kemikali ambayo, ikimulikwa kwa mwanga wa buluu chini ya darubini, huwaka rangi ya waridi, huku ubongo wa kawaida ukibaki na ubuluu wake. Katika utafiti ulioongozwa na daktari wa upasuaji wa ubongo Walter Stummer nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2006, uvimbe uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopasuliwa kwa mwanga huo, dhidi ya asilimia 36 kwa mwanga wa kawaida. Ila "wote" hapo maana yake ni kwamba MRI ya baada ya upasuaji haikuonyesha weupe uliobaki, na weupe tumeshauona ulivyo. Muda wa kuishi kwa jumla haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika.

Ngozi nayo hubaki na dawa hiyo kwa muda, ndiyo maana mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji huepushwa na jua na taa kali hadi zipite angalau saa 24 tangu ainywe.