Je, wajua kwa nini hakuna kiazi kitamu kimoja kinachofaa kwa kila kazi?

Anayetaka kiazi cha kuchemsha hupenda kiwe kikavu, chenye unga. Mwenye kiwanda cha krispi hukikimbia kiazi chenye sukari nyingi, kwa sababu sukari ikikutana na mafuta ya moto huungua upesi, vipande vikatoka vyeusi kabla havijakauka sawasawa. Mtengenezaji wa wanga hajali rangi wala utamu. Anachouliza ni kilo ngapi za wanga zitatoka kwenye tani moja. Mpenda matembele naye anaangalia kilichoko juu ya ardhi tu. Wote hao wanauzungumzia mmea mmoja, Ipomoea batatas. Tabu ni kwamba sifa wanazozitaka hugombana ndani ya kiazi chenyewe, na ndiyo maana watafiti huzalisha aina tofauti kwa kila kazi.

Ugomvi unaojulikana zaidi ni wa rangi na ukavu. Rangi ya chungwa ya viazi lishe hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Beauregard, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani, mwaka 1987, ina rangi hiyo tele. Lakini ukikausha gramu 100 za kiazi hicho, utabaki na kama gramu 20 tu. Zilizobaki zilikuwa maji. Aina nyeupe na za njano zinazopendwa na walaji wengi wa Afrika hufika 30 na kupita. Kwa aliyezoea kiazi kikavu, Beauregard ni kiazi maji, na mahubiri ya lishe hayatamfanya akile kila siku.

Kwa hiyo kazi ikawa kuileta rangi bila kuyaleta maji. Kila rangi ilipopanda, wanga ulielekea kushuka. Wataalamu wa jenetiki wamekuta kwamba sehemu ya sababu ni ujirani: jeni ya kutengeneza karotini na jeni inayohusika na sukari na wanga zimekaa karibu kwenye kromosomu moja, hivyo watoto huzirithi pamoja. Kuzitenganisha kunahitaji kuchanganya wazazi wengi, kizazi baada ya kizazi, hadi apatikane mtoto mmoja mwenye vyote viwili. Robert Mwanga nchini Uganda na Maria Andrade nchini Msumbiji walitumia miaka mingi kwenye kazi hiyo. Mwaka 2011 Msumbiji ilitoa kwa mkupuo aina 15 za viazi lishe zinazostahimili ukame, na mwaka 2016 wawili hao, pamoja na Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Utamu una mambo yake pia. Kiazi kibichi si kitamu kama tunavyokijua mezani. Sehemu kubwa ya utamu huzaliwa jikoni. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho beta-amilesi, ambacho huukata wanga kuwa maltosi, aina ya sukari. Kimeng'enya hiki kina masharti. Hakiushiki wanga mpaka uvimbe na kulainika, jambo ambalo katika aina nyingi hutokea kwenye joto la nyuzi 65 hadi 75 hivi, na joto likizidi sana nyuzi 80 chenyewe huharibika. Muda kinachopata kufanya kazi ni ule ambao kiazi kinapita kati ya viwango hivyo. Kiazi kilichochomwa polepole kinapita taratibu, kikawa kitamu. Cha maikrowevu kinapita mbio, kikabaki nusunusu.

Watafiti wa Japani walilitumia jambo hilo kwa namna ninayoipenda sana. Walizalisha aina iitwayo Quick Sweet, ambayo wanga wake hulainika kwenye joto la chini kwa takriban nyuzi 20 kuliko kawaida, hivyo kimeng'enya huanza kazi mapema hata kiazi kikipikwa haraka. Upande wa pili wakatoa Satsumahikari, ambayo haina kabisa kimeng'enya hicho: ipike utakavyo, haiwi tamu. Mtu anaweza kujiuliza kiazi kitamu kisicho kitamu ni cha nini, lakini kwa vyakula vya chumvi na vya kusindikwa ndicho hasa kinachotakiwa. Kuna hata aina za zambarau iliyokolea, kama Ayamurasaki, zinazotumika kutengeneza rangi ya vyakula na vinywaji.

Sasa, aina mpya hupatikanaje? Wakulima hupanda marando, na rando ni nakala kamili ya mama yake. Ukitaka kitu kipya lazima urudi kwenye ua na mbegu, na hapo mmea huu ni mkaidi. Aina nyingi hazichanui kwa urahisi, kwa hiyo huenda zikabebeshwa juu ya shina la jamaa zao wanaotoa maua kwa wingi. Isitoshe, kiazi kitamu kwa kawaida hakikubali chavua yake mwenyewe, na hata aina mbili tofauti zinaweza kukataana.

Ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyo hiyo. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mtafiti hupita akitafuta vichomozo vya maua vilivyovimba, na kila kimoja hukibana ncha ili nyuki asimtangulie. Asubuhi hulichuma ua la baba, huitoa stameni yenye chavua, huipakaza kwenye stigma ya ua la mama, hulibana tena, kisha hufunga kijilebo chenye majina ya wazazi. Uchavushaji ukishika, baada ya wiki kadhaa hupatikana kitumba kikavu. Kina nafasi ya mbegu nne, lakini mara nyingi hutoa moja au mbili: nyeusi, ndogo, zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Ganda hukwaruzwa, au mbegu huloweshwa kwenye asidi ya salfuriki, ndipo ziote.

Kila mbegu ni bahati nasibu. Binadamu ana nakala mbili za kila kromosomu. Kiazi kitamu kina sita, jumla 90. Sifa iliyojificha hujitokeza tu ikiwa nakala zote sita zimekubaliana, kwa hiyo wazazi wawili wazuri sana wanaweza kuzaa mamia ya watoto wasiofaa kitu. Ndiyo sababu huoteshwa maelfu, na wengi wao hutupwa mapema: vimepasuka, ni vyembamba kama mizizi, au havikuzaa kabisa. Vinavyobaki hukatwa, rangi ya nyama ikalinganishwa na kadi ya rangi ili kukadiria karotini, vipande vikapimwa uzito, vikakaushwa kwenye oveni na kupimwa tena. Vingine hupikwa na kuonjwa.

Faida ni kwamba mshindi akipatikana, hana haja ya kuchanganywa tena. Unakata marando, na watoto wote ni yeye yule. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, kilitumia sifa hiyo kufupisha safari: badala ya kujaribu eneo moja kwanza na mengine baadaye, marando ya kila mche hupandwa sehemu kadhaa tangu mwanzo, na kazi iliyochukua miaka saba au minane ikashuka hadi minne au mitano.

Marando hayo hayo ndiyo hubeba maradhi. Virusi viwili, kimoja kikienezwa na nzi weupe na kingine na vidukari, vikikutana kwenye mmea mmoja huudumaza, majani yakakunjamana na mavuno yakaanguka vibaya, na kila rando litakalokatwa humo huondoka na virusi vyake. Kwa hiyo ustahimilivu wa virusi hutafutwa kwa kila aina, iwe ya krispi, ya wanga au ya kuchemsha, na mashina mama ya aina iliyokwisha kutolewa hutunzwa chini ya vyandarua, mbali na wadudu hao.