Hitilafu ya kusimbua JSON ni nini?

Seva haiitumii programu ya simu majina, tarehe wala picha kama tunavyoviona kwenye skrini. Inatuma maandishi, mara nyingi yaliyopangwa kwa muundo uitwao JSON. Kusimbua ni kuyageuza maandishi hayo yawe vitu ambavyo programu inavielewa: namba, orodha, ndiyo au hapana. Kilichofika kisipolingana na kilichotarajiwa, usimbuaji unakwama, na mtumiaji huona skrini tupu au programu ikijifunga.

Kabla ya kugusa msimbo, chapisha jibu lenyewe la seva ulisome kwa macho. Wengi huruka hatua hii (mimi pia niliiruka kwa miaka) na kuanza kulaumu kisimbuzi. Ujumbe wa kosa ukilalamikia alama ya < mwanzoni kabisa, basi ulicholetewa si JSON bali ni ukurasa wa tovuti (HTML): pengine seva imerudisha kosa 404 au 502, au simu iko kwenye Wi-Fi ya umma inayodai uingie kwanza. Ndiyo maana namba ya hali ya jibu (kama hizo 404 na 502) hukaguliwa kabla ya kusimbua. Koma iliyobaki baada ya kipengele cha mwisho nayo huharibu kila kitu.

Kesi ngumu ni ile ambayo JSON ni halali ila umbo lake si lile. Umri umekuja kama "30", ndani ya alama za nukuu, wakati programu inangoja 30. Au sehemu ya jina ina null, yaani haina thamani, kwa mtumiaji mmoja tu, kwa hiyo kwako inafanya kazi na kwake haifanyi. Katika Swift, lugha ya programu za iPhone, usiridhike na localizedDescription, maelezo mafupi ya kosa, maana husema tu kwamba data haisomeki. Chapisha kosa lote, uone kama ni keyNotFound (sehemu haipo), typeMismatch (aina hailingani) au valueNotFound (thamani haipo), pamoja na codingPath inayoonyesha mahali penyewe. Gson, maktaba ya kusimbua JSON kwenye Android, ikisema ilitarajia BEGIN_OBJECT ikakuta BEGIN_ARRAY, umeletewa orodha badala ya kitu kimoja.

Kuruhusu null kila mahali hunyamazisha kosa bila kuliponya. Ruhusu pale tu ambapo thamani inaweza kukosekana kweli.

Na kama kwenye Android tatizo linaonekana katika toleo la kusambazwa pekee, ishuku R8, zana inayoubana msimbo wa toleo hilo: hufupisha majina ya sehemu, Gson ikazikosa na kuziacha na null bila kulalamika. Ziwekee @SerializedName, alama inayoiambia Gson jina la sehemu katika JSON.