Kiondo hakikuchukuliwa na Wajapani, na mengine tunayokosea kuhusu kazi za mikono Nairobi

Jumamosi moja mchana, kwenye maegesho ya magari ya mahakama mjini, mwanamke mmoja aliinua kiondo, kikapu cha kusukwa cha begani, kutoka kwenye leso niliyotandika chini. Akakipima begani, akapapasa vishikio, kisha akakirudisha polepole. "Ni kizuri, dada. Lakini si tuliambiwa Wajapani walishavichukua hivi?" Hakuwa anatania. Alisema kwa huzuni, kama mtu anayetaja shamba la babu lililouzwa.

Kazi yangu ni kuvisha vyondo ngozi. Vinanijia vitupu kutoka Ukambani, vimefungwa kwenye magunia na kushushwa kituo cha mabasi cha Country Bus. Mimi na mwenzangu pale soko la Kariokor tunakata ngozi, tunatoboa, tunashona mdomo na vishikio, ndipo vinaingia sokoni. Miaka yote hii nimesikia mengi kuhusu kazi za mikono za mji huu, na mengi kati ya hayo si kweli. Ukiyasikiliza vizuri utaona karibu yote yanamfuta aliyeitengeneza kazi yenyewe. Hilo ndilo linaloniuma.

"Kiondo kilishasajiliwa na Wajapani"

Huu uvumi tumeishi nao miaka mingi, hata walimu wameurudia darasani. Basi tuuangalie. Hataza (patent) hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na hudumu miaka 20 tu. Kiondo kimesukwa na nyanya zetu, Wakamba na Wakikuyu, tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Kitu kinachojulikana hivyo hakiwezi kuhesabiwa kipya mbele ya sheria. Na hata mtu akisajili ng'ambo mtindo fulani wa kikapu chake au jina la duka lake, usajili huo unafanya kazi katika nchi aliyosajili. Hauvuki bahari kuja kumzuia mama wa Machakos kusuka, wala mimi kuvisha ngozi, wala wewe kununua.

Kuna kisa cha kweli kinachofanana na uvumi huu, nacho kinahusu kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara huko kwao. Watetezi wa biashara ya haki na wanasheria wa Kenya wakapinga, na ombi lile halikufika popote. Kwa hiyo hofu yetu ina msingi, ila tumeielekeza kwenye kitu kisichokuwepo, na ule ushindi tulioupata hatuusimulii. Tangu 2016 Kenya pia ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni wa jamii.

Ukitaka kujua kiondo kiko wapi, kaa kando ya anayesuka. Mwaka jana nilikwenda Wamunyu, huko Ukambani, kuchukua mzigo ambao ulikuwa haujakamilika, nikangoja kwenye kivuli cha mwembe. Mama niliyemngoja alikuwa na fungu la katani mapajani. Jani la mkonge hukwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani iishe, nyuzi zibaki nyeupe, zianikwe juani. Yeye alichukua nyuzi chache, akaziviringisha kwa kiganja juu ya paja, mara moja kwenda, mara moja kurudi, uzi ukatoka mrefu na mgumu. Ngozi ya lile paja ilikuwa laini, inang'aa kama kiti cha mbao kilichokaliwa miaka mingi. Kiondo huanzia kitakoni: nyuzi za kusimama zinatawanyika kama miale, kisha nyuzi mbili zinapishana kila moja ya hizo, mzunguko baada ya mzunguko. Kuanzia saa nane mpaka jua lilipopoa aliongeza mizunguko minne, na hakuwa mvivu. Katikati alisimama mara mbili, mara moja kuwafukuza mbuzi na mara moja kumtazama mtoto.

Siku hizi vyondo vingi vya mjini husukwa kwa uzi wa sufu ya dukani, kwa sababu una rangi kali na hauhitaji kusokotwa. Sina ugomvi nao, watu wanaupenda. Ila anayesema kiondo cha katani ni ghali afikirie lile paja.

"Maasai Market ni soko la Wamaasai"

Jina limeshika, hatutalibadilisha. Soko lenyewe ni la kuhamahama: Ijumaa liko kwenye maduka ya Village Market, Jumamosi liko mahakamani, siku nyingine kwingine. Wamaasai wapo, hasa akina mama wenye shanga. Lakini pembeni yangu kuna kijana kutoka Kisii na mawe yake, mbele yangu Mkamba na sanamu za twiga, na nyuma mama wa Murang'a na sandali za ngozi. Mtalii akipiga picha anaandika "sanaa ya Wamaasai" na wote hao wanapotea.

Yule wa Kisii ndiye anayeumia zaidi. Jiwe lake, lile tunaloliita jiwe la sabuni kwa ulaini wake, linachimbwa Tabaka, huko Kisii. Huchongwa likiwa bado na unyevu, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya maji mara kadhaa, kila mara kwa msasa laini zaidi, mpaka lianze kung'aa. Ukiona vidole vya msuguaji utadhani amefua nguo wiki nzima. Halafu mteja anauliza: "Hii ya Kimaasai ni pesa ngapi?"

"Wakamba wamechonga vinyago tangu jadi"

Hapa ndipo nawaudhi hata jamaa zangu. Ni kweli Wakamba walichonga tangu zamani: viti vya miguu mitatu, miiko, vibuyu vilivyotiwa nakshi. Lakini wale twiga, simba na wapiganaji wa mkuki tunaowaona kwenye kila duka la wageni wana historia fupi, na wana mtu aliyewaanzisha. Anaitwa Mutisya Munge, wa Wamunyu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, huko akawaona wachongaji wa kule wakifanya kazi, akajifunza. Aliporudi alianza kuchonga vya kuuza, ndugu na majirani wakamfuata, na ufundi ukaenea hadi Mombasa na hadi Gikomba hapa Nairobi, ambako tezo na patasi bado zinasikika.

Watu wengine huona hadithi hii inapunguza heshima ya vinyago. Kwangu inaiongeza. Mtu alikuwa mbali na nyumbani, ndani ya vita ambavyo havikuwa vyake, akaokota ufundi na kurudi nao, na maelfu ya familia zikala kwa sababu yake. "Tangu jadi" ni maneno yanayomnyang'anya Mutisya Munge kazi yake.

(Jina la Kariokor nalo limetoka kwenye vita hivyo hivyo. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika, lilivyotamkwa na midomo yetu. Mimi hushona ngozi kila siku mahali palipopewa jina la watu waliobeba mizigo ya jeshi, na wengi wao hawakurudi.)

"Nyeusi ni mpingo, nyeupe ni pembe ya ndovu"

Sanamu nyingi nyeusi ni mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu. Sisemi hivyo kuwafichua mafundi. Mpingo hukua polepole mno, na muhugu, uliokuwa mti mkuu wa wachongaji, ulikatwa mpaka ukaadimika. Mafundi wakahamia miti inayokua haraka: mwarobaini, mwembe, na jakaranda ile ile inayomwaga maua ya zambarau kwenye barabara zetu kila Oktoba, ambayo asili yake ni Amerika Kusini. Kufanya hivyo ni busara. Tatizo ni muuzaji anayeapa kuwa ni mpingo. Kama una shaka, kiinue: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Au geuza kitako ukatazame mahali ambapo kiwi haikufika.

Bangili nyeupe ni mfupa wa ng'ombe. Pembe ya ndovu ni haramu kuuzwa nchini, na serikali ilichoma tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, mara zote mbili hapa hapa kwenye mbuga ya Nairobi, ili dunia ione. Mafundi wa Kibera huchukua mifupa kwenye machinjio, huichemsha iachane na mafuta, huikata kwa msumeno, huing'arisha kwa dawa, na wengine huichora kwa nta kabla ya kuitia rangi ili nakshi ibaki nyeupe. Tazama karibu: mfupa una vitobo vidogo vidogo, kama vimechomwa kwa ncha ya sindano. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, na si kila karakana ina barakoa. Jirani ya hao wa mifupa kuna wanaoyeyusha kufuli na mifereji mikuukuu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga, inatoka hereni ya shaba ya njano.

"Shanga ni zetu asilia"

Mtungo ndio wetu. Shanga zenyewe, zile ndogo za kioo, zililetwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, na nyingi zilizofika karne ya 19 zilitengenezwa Venice na Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Kabla ya hapo watu walitunga mbegu, udongo, mifupa na chuma. Wanawake wa Kimaasai walipozipata shanga za kioo walizipangia rangi na maana kwa namna ambayo hakuna Mcheki angeiwazia. Anayetaka shanga iliyofinyangwa na kuchomwa hapa mjini anazo za Kazuri, Karen, karakana iliyoanza mwaka 1975 na wanawake wawili.

"Nairobi haina sanaa, na iliyopo ni ya matajiri"

Huyu anayesema hivi bila shaka amewahi kumngoja mtu nje ya Archives, jengo la nyaraka za taifa. Kila mtu Nairobi amemngoja mtu nje ya Archives. Ndani ya mlango ule, Moi Avenue, kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 na aliyekusanya sanaa ya Afrika maisha yake yote: vinyago, vitambaa, mapambo, kutoka kila pembe ya bara. Watu wanasimama nje jua likiwawakia, simu mkononi, wakiuliza "umefika wapi?"

Kuhusu utajiri: kundi la wasanii la Wajukuu linafanyia kazi zake Lunga Lunga, mtaa wa Mukuru, kati ya nyumba za mabati, na mwaka 2022 lilialikwa documenta, Kassel, Ujerumani, maonyesho ambayo wasanii wengi duniani huyaota maisha yao yote. Kundi la Maasai Mbili la Kibera lilianzishwa na wachora vibao vya maduka. Nao wanaochora mabasi ya matatu walifungiwa riziki na kanuni za 2004 zilizotaka mstari wa njano badala ya michoro, wakangoja karibu miaka kumi na moja mpaka serikali ya Uhuru Kenyatta ilipowafungulia tena. Wengine hapo katikati walihamia kuta na kanvasi. Mkono haukusahau.

Halafu kuna jambo ambalo hata wachoraji wenyewe wengi hawalijui. Husemwa kwamba ukishauza picha, imekutoka. Si hivyo. Hakimiliki huanza siku unapoichora, bila kusajili popote. Na tangu Sheria ya Hakimiliki iliporekebishwa mwaka 2019, picha yako ikiuzwa tena mnadani au na mfanyabiashara wa sanaa, una haki ya asilimia 5 ya bei hiyo. Kwa hiyo tunza kumbukumbu za uliyemuuzia.

"Punguza, kwani umetumia nini?"

Hili nalisikia kila Jumamosi. Kupatana bei ni desturi ya soko na mimi siichukii. Lakini swali lina dhana ndani yake: kwamba mkono haugharimu, kwamba tunauza katani na ngozi tu. Ndiyo maana miaka miwili iliyopita nilianza kufunga kikaratasi kidogo ndani ya kila kiondo, na juu yake jina la aliyesuka, mahali anapotoka, na siku alizotumia. Duka moja la mjini lililokuwa likinunua kwangu kwa jumla liliniambia niviondoe vikaratasi hivyo. Wateja wao, walisema, wanataka "kitu cha Kiafrika", hawataki jina la mtu. Niliviondoa kwenye mzigo ule kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imefika. Uliofuata sikuupeleka.

Yule mwanamke wa Jumamosi nilimfungulia kiondo, nikamwonyesha karatasi. Akasoma jina kwa sauti, akarudia tena polepole, kisha akauliza kama huyo mama bado anasuka. Nikamwambia nilikuwa naye mwezi uliopita, na kwamba alikuwa amefika kimo cha kiganja kwenye kingine.

"Cha rangi gani?"

Cha kahawia, mstari mmoja mweupe karibu na mdomo. Akaniomba nimwekee.