Je, wajua drili ya 18V na ya 20V ni nguvu ileile?

Ukitafuta drili ya chaji ya kufanyia vikazi vya nyumbani utakuta moja imeandikwa 18V, ya pembeni yake 20V Max, afu kuna ingine bei chee kabisa imeandikwa 48V au hata 88VF, na akili inakutuma ubebe hiyo ya namba kubwa maana volti kibao kwa hela kidogo. Subiri kwanza.

Ndani ya betri kuna seli za lithiamu, nyingi ni zile za duara ziitwazo 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Seli moja inahesabiwa volti 3.6 ikiwa kazini, ila ikitoka kwenye chaja imejaa inasoma mpaka 4.2. Sasa unganisha tano kwa mfululizo, 5 mara 3.6 ni 18. Hizohizo tano zikiwa zimejaa zinagonga 20 na ushee. Basi ndo hivyo tu, huyu kaandika wastani, yule kaandika kilele. DeWalt, kampuni ya kutengeneza drili, wenyewe Marekani wanaziandika 20V Max, wakizipeleka Ulaya zinakuwa 18V. Na ile ya 12V Max ni seli tatu, kiukweli ni 10.8.

Hizo 48V na 88VF je? VF sio kipimo cha kitu chochote, ni mapambo ya boksi. Unataka ukweli, geuza chaja uisome. Hizi za bei rahisi mara nyingi huja na kiadapta cha waya na nyuma yake kuna maandishi madogo ya umeme unaotoka. Ukikuta 21V, hiyo ni 5 mara 4.2, seli tano, kwa hiyo ni drili ya 18V ya kawaida hata kama ubavuni wamechora 88. Ukikuta 12.6V ni seli tatu. Betri ya 48V kweli ingetaka chaja ya volti 50 na kitu, na ingekuwa zito balaa. Si lazima iwe mbovu lakini, ni lebo tu ndo inadanganya.

Volti ukishazijua angalia Ah (ampea-saa) kwenye betri, maana volti mara Ah ndo chakula kilichomo: 18V ya 2.0Ah ni wati-saa 36, ya 1.5Ah ni 27. Kwa nyumbani mimi naona bora betri mbili ndogo kuliko moja kubwa, moja inafanya kazi ingine inachaji, na mkono hauchoki ukiwa juu ya ngazi unafunga fimbo ya pazia.

Kama kazi zako ni mbao, skrubu na kuunga kabati, ya 12V inatosha kabisa. Ukuta ndo unabadilisha mambo. Drili yenye alama ya nyundo ndani ina visahani viwili vya meno vinavyosuguana, ndo hiyo kelele unayosikia, na kwa tofali inaweza. Zege lenye kokoto ni habari ingine, hapo utasukuma mpaka jasho na biti, kile chuma cha kutobolea, inawaka tu, inatakiwa mashine ya SDS ambayo inapiga kwa pistoni. Hiyo we azima tu.

Mota isiyo na brashi (ile inayoandikwa brushless) inakula chaji kidogo na inadumu, ila kama unatoboa mara chache kwa mwaka sioni haja ya kuongeza hela.

Kabla hujalipa funga biti nyembamba, bonyeza taratibu uangalie ncha: ikiyumba kama inachora duara, rudisha, mashimo hayatanyooka. Achia kitufe, inatakiwa isimame papo hapo. Afu ile pete yenye namba iweke 1, fanya kama unafunga skrubu kwenye ubao, ikifika mwisho lazima ilie trrr na iache kuzungusha, ikiendelea tu ujue klachi, yaani kile kinachoachia nguvu skrubu ikikaza, haifanyi kazi na vichwa vya skrubu vitakwisha.

La mwisho muulize muuzaji kama betri ya hiyo drili inauzwa peke yake. Za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine ya kampuni ingine, na betri ndo huwa ya kwanza kufa.